Matembezi Kando ya Maji ya Rutland



Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wasomaji, wiki nilizokosekana katika ukurasa huu nilikuwa safarini. Binti yetu wa pili ameolewa na anaishi Leicester, mji ulio katikati ya Uingereza, na kwa miaka sita alikuwa akituita twende tumuone. Mwezi Juni Mwenyezi Mungu akajaalia, viza zikatoka, mimi na mke wangu tukasafiri. Tangu turudi wengi mmeniuliza nimesomesha misikiti gani na nimekutana na masheikh gani. Nilisomesha, na nilikutana nao, alhamdulillahi. Lakini ninalotaka kulieleza leo halikutokea msikitini. Lilitokea kando ya bwawa la maji, baina yangu na mama wa watoto wangu, na nimemuomba ruhusa kabla ya kuliandika. Akaniambia, "Andika, lakini uandike yote."

Basi yote yaanza hapa Mombasa, miaka minne nyuma. Daktari alimwambia mke wangu kwamba sukari yake imepanda, akampa dawa, na pamoja na dawa akamwambia atembee nusu saa kila siku. Akaanza. Baada ya Alfajiri akitoka na jirani yake, wawili ndani ya mabuibui yao, wakizunguka mtaa na kurudi kabla jua halijakuwa kali. Siku ya tatu mzee mmoja akanivuta kando tulipotoka msikitini. "Sheikh, nimemuona Bibi barabarani na viatu vya raba." Hakuongeza neno, wala hakuhitaji. Nikaona haya. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba ua tunao, atembee uani.

Ua wetu una urefu wa hatua kumi na moja na upana wa hatua saba. Nilizihesabu baadaye. Alitembea humo wiki mbili, kisha akaacha. Mwaka juzi akapata kidonda kidogo mguuni ambacho hakukihisi, maana sukari huua hisia za miguu, na tulipokigundua kilikuwa kimeshakwenda ndani. Alilazwa, na kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kikakatwa. Hakuna daktari awezaye kuapa kwamba lau angaliendelea kutembea kidole kingalikuwepo, na kadari ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini mimi ni mtu wa vitabu, na ninajua tofauti ya kadari na kisingizio. Dalili ya kumzuia mwanamke mwenye stara asitembee mtaani kwake asubuhi, pamoja na jirani yake, kwa ajili ya afya yake, sikuitafuta hata wakati ule, kwa sababu nilijua sitaipata. Yeye hakunitajia neno lile, wala mimi sikulitaja. Tukaishi hivyo.

Binti yetu ni muuguzi. Asubuhi ya kwanza Leicester alimkalisha mama yake kitini, akamvua soksi, akaitazama miguu yake yote miwili juu na chini kama mtu asomaye barua. Mchana akamnunulia viatu vya kutembelea, vipana mbele, visivyobana popote. Jumamosi akapakia thamosi ya chai, mahamri na mswala katika gari, akasema tunakwenda Rutland.

Rutland ni kaunti ndogo, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Leicester, na ndani yake mna bwawa liitwalo Rutland Water. Nilipolitazama mara ya kwanza niliapa kwamba ni ziwa la asili. Maji yamelala baina ya vilima vya kijani, kondoo wanakula majani mpaka ukingoni, na bata maji weupe wenye shingo ndefu wanaelea kana kwamba wamekuwapo tangu siku ya kuumbwa. Kumbe lina umri mdogo kuliko wangu. Katika miaka ya 1970 walijenga ukuta wa udongo karibu na kijiji cha Empingham, wakauziba mto mdogo wa Gwash, na kwa kuwa mto huo peke yake haungetosha, maji mengine husukumwa kwa mashine kutoka mito miwili mikubwa zaidi, Nene na Welland. Kwa ukubwa wa uso wake ni hekta zipatazo 1,200. Lile bwawa la Kielder, huko kaskazini, lina maji mengi kulipita, lakini uso wake ni mdogo kuliko wa hili. Njia ya kulizunguka lote, pamoja na rasi ya Hambleton iliyochomoza katikati, ni kilomita kama 37. Binti yangu alisema leo tutakwenda mbili tu.

Tukashuka, nikaanza kutembea. Hewa ilikuwa safi na baridi kidogo, njia imetengenezwa vizuri, nami nikashika mwendo wangu wa siku zote, mikono nyuma, nikisoma nyiradi zangu. Nikasikia, "Sheikh, ningoje!" Nilipogeuka, mke wangu na binti yangu walikuwa mbali mno, wadogo kama mtu anayemuona kutoka ng'ambo ya kivuko. Nikangoja. Walipofika, binti yangu akaniambia kwa adabu, "Baba, hapa hatukimbilii jamaa. Hakuna rakaa itakayotupita."

Ndugu zangu, nimeoa miaka thelathini na moja. Nilikuwa sijui mke wangu anatembea kwa mwendo gani. Nyumbani tukitoka pamoja tunapanda gari au tuktuk, na tukishuka mimi hutangulia kumsalimia mwenye nyumba. Siku ile nilijaribu kwenda naye bega kwa bega nikaona ni kazi. Kila hatua chache miguu yangu ilinipeleka mbele, nami nikiirudisha. Nilipata taabu hata ya kujua nizungumze nini. Darasa la saa mbili naweza kulisomesha bila karatasi, lakini nilipoambiwa nitembee nusu saa na mwanamke niliyezaa naye watoto watano, nilianza kumuuliza kama amekunywa dawa.

Aliyetuokoa ni mbwa.

Waingereza hawatembei bila mbwa, na mbwa wao hupenda maji kuliko watoto wetu wa Ramadhani wanaopiga mbizi baharini kungojea magharibi. Mmoja, mkubwa, wa manyoya ya rangi ya asali, alitoka ziwani akirowa, akaja mbio moja kwa moja kwangu, akasimama mbele yangu na kujikung'uta. Kisha akaniegemea. Mimi ni Shafii wa kulelewa madrasa. Wasomaji wangu wanajua hukumu ya unyevu wa mbwa katika madhehebu yetu ni kuosha mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Kanzu yangu nyeupe ilikuwa imerowa kuanzia goti kushuka. Mwenye mbwa, bibi wa miaka sabini hivi, alikuja akipiga kelele kwamba ni mbwa rafiki, hana neno. Nami nilikuwa nimesimama kama mlingoti. Hapo nikasikia sauti nyuma yangu, mke wangu amekaa chini juu ya majani anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu alipotoka hospitali.

Kuosha hakukuwa na udhia, maji yapo na udongo upo. Binti yangu akichota kwa chupa na kumimina, mimi nasugua, naye anamweleza yule bibi kwa Kiingereza jambo hili ni nini. Nilitarajia atanuna. Badala yake alimfunga mbwa wake kamba, akasimama, na kuanzia mara ya nne akawa anahesabu pamoja nasi kwa sauti: tano, sita, saba. Udongo wa kule ni mfinyanzi mzito, na nawaambia wazi kwamba alama yake haijatoka katika kanzu ile mpaka leo. Najisi ilitoka.

Adhuhuri tuliswali juu ya majani, kando ya njia. Kibla, ambacho kwetu Mombasa ni kaskazini, huko ni upande wa kusini-mashariki. Hatukupunguza, kwa kuwa tulinuia kukaa Leicester zaidi ya siku nne na masafa ya kutoka hapo hayafiki ya kufupisha. (Suala la Isha katika nchi ambayo Juni jua linatua saa tatu na nusu ya usiku ni bahari ya peke yake, nitaliandikia siku nyingine inshallah.) Watu walipita, wengine wakatupa salamu ya mkono. Nilimuuliza binti yangu kama kila siku huwa hivyo. Akasema si kila siku. Akanieleza habari ya Waislamu wa kikundi cha kupanda milima ambao tarehe 25 Desemba 2021 walikwenda kutembea Peak District, zaidi ya watu mia, na picha zao zilipowekwa mtandaoni wakatukanwa kwa sababu tu ya kuonekana wengi mahali pasipozoea kuwaona. Kikundi hakikufa. Yeye mwenyewe hutembea na kina mama wenzake kila mwezi. "Tukiacha sisi kwenda," akasema, "watoto wetu watadhani milima na maziwa haya yana wenyewe."

Mara ya pili tulikwenda upande wa Lyndon, ambako kuna hifadhi ya ndege. Wamejenga vibanda vya mbao vyenye madirisha membamba, mtu huingia akakaa kimya akatazama bila kuwatisha. Mzee mmoja wa kujitolea alikuwa na darubini kubwa ya miguu mitatu, akamwita mke wangu kwa mkono, akamwonyesha pa kuweka jicho. Akatazama muda mrefu sana. Kisha akasema, "Subhanallah, ananiangalia."

Alikuwa amemuona ndege ambaye Waingereza humwita osprey. Mimi nitamwita furukombe, jina tunalompa sisi watu wa pwani tai mla samaki. Ndege huyu alikuwa amekwisha katika England tangu karne ya kumi na tisa, kwa kupigwa bunduki na kuibiwa mayai. Kuanzia mwaka 1996 walileta makinda kutoka Scotland, wakawalea na kuwaachia hapo Rutland, na mwaka 2001 ndipo jozi ya kwanza ikazaa. Kila mwisho wa kiangazi huondoka kwenda Afrika Magharibi, Senegal na Gambia na nchi za jirani, safari ya kilomita kama 5,000, na mwezi Machi hurudi. Yule mzee alituambia jambo ambalo binti yangu alilifasiri polepole: dume na jike hawasafiri pamoja wala hawakai pamoja huko Afrika. Kila mmoja huenda peke yake. Lakini majira ya kurudi yakifika, kila mmoja hurudi kwenye tundu lile lile, na wakikutana wote wazima huanza tena kulijenga. Jike anapolalia mayai na kulea makinda, dume ndiye mvuvi wa nyumba.

Tukiwa tungali hapo dume akaja na samaki makuchani, kichwa cha samaki kimeelekezwa mbele kama mshale ili upepo usimsumbue, akamweka tunduni. Mke wangu, jicho lingali kwenye darubini, akasema kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, "Yeye kaleta hadi ndani. Hakukaa juu ya mti akangoja kuandaliwa." Mzee wa watu akataka kufasiriwa. Binti yangu akakataa.

Katika Sura ya Al-Mulk tumeambiwa tuwatazame ndege walio juu yetu. Nimeihifadhi sura ile tangu nikiwa na miaka tisa na huisoma kila usiku kabla ya kulala. Nadhani siku ile kibandani ndiyo mara yangu ya kwanza kutii na kutazama.

Sasa nifike kwenye kanisa, na kwa nini lahusika. Pwani ya kusini ya bwawa, pahala paitwapo Normanton, pana kanisa la mawe ambalo nusu yake iko chini ya usawa wa maji. Walipojenga bwawa lingezama, kwa hivyo walijaza sehemu ya chini kwa mawe na zege, wakainua sakafu mpaka karibu na madirisha, wakalizungushia ukuta wa mawe. Halitumiki tena kwa ibada. Limesimama majini, mtu hulifikia kwa kinjia. Watu hulipiga picha, nasi tulipiga. Lakini mke wangu alisoma kibao, binti akamsaidia, akajua kwamba chini ya maji yale kulikuwa na vijiji: Nether Hambleton, na sehemu kubwa ya Middle Hambleton. Cha tatu, Upper Hambleton, kilinusurika kwa kuwa kilikuwa kileleni mwa kilima, na ndicho kilichobaki leo juu ya rasi.

"Kanisa wameliokoa," akasema. "Na wenye nyumba?"

Swali lake halikuwa la mpita njia. Kwa upande wa mama yake yeye ni mtu wa Kinango, na wasomaji wa Kwale wanajua habari ya bwawa la Mwache, linalojengwa ili watu wa Kwale na Mombasa tupate maji, na jamaa walioambiwa wahame mashamba ya babu zao. Binti yangu akasema hata maji ya mfereji wa Leicester, mengine hutoka katika bonde la Derwent, ambako vijiji viwili, Derwent na Ashopton, vilifunikwa na bwawa la Ladybower katika miaka ya 1940. Na mwaka wa ukame mkali maji yakishuka, mawe ya nyumba za Derwent huonekana tena na watu huenda kuyatazama. Mke wangu akanyamaza. Tukakaa juu ya benchi linaloangalia kanisa, binti yetu akaenda garini kuchukua chai, na nadhani alichelewa kwa makusudi.

Maji yalikuwa yametulia kabisa, na mimi nikahisi kwamba nikinyamaza siku ile sitalisema tena. Nikamwambia, "Lile la uani, nilikosea."

Hakuniuliza lipi. Alikaa kimya muda ambao ndege weusi wa majini walizama na kuibuka mara tatu au nne. Kisha akasema, "Ningalikatazwa na dini ningaliridhika. Wewe ulinikataza kwa ajili ya watu."

Nikasema, "Ndiyo."

"Na lile somo la Bi. Aisha nimekusikia ukilisomesha mara ngapi?"

Wasomaji waliowahi kuhudhuria darasa langu la Jumamosi wanalijua. Ni habari mashuhuri ya Mtume wetu (s.a.w.) kushindana mbio na Bi. Aisha (r.a.) safarini, yeye Bi. Aisha akamshinda, na baada ya miaka wakashindana tena na mara hiyo Mtume (s.a.w.) akashinda, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Nimelisomesha kwa zaidi ya miaka ishirini kama dalili ya upole wa Mtume kwa wakeze. Wanawake hucheka kila mara, nami hucheka nao. Mke wangu huwa amekaa nyuma ya pazia.

Niliomba msamaha. Akasema ameshasamehe zamani, ila alikuwa akingoja nimuombe. Chai ikaja.

Tulirudi mara mbili zaidi. Siku ya mwisho tulitembea juu ya ukuta wa bwawa, ambao umeoteshwa majani na kondoo hulishwa hapo, kisha tukaunganisha na njia ya pwani, jumla kilomita tano. Kila usiku binti yetu alimtazama mama yake miguu kwa taa. Hakupata hata lengelenge.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu turudi. Nikitoka msikitini Alfajiri namkuta mlangoni amevaa viatu vyake vipana, tunakwenda mpaka Mama Ngina kutazama bahari na kurudi. Yeye ndiye ashikaye mwendo. Mbayuwayu wameanza kuonekana juu ya minazi. Si wale wa Rutland, maana wale wa Uingereza hupita kwenda hadi kusini kabisa mwa Afrika, lakini yeye huwasalimia kama jamaa.

Ijumaa moja yule mzee aliyenivuta kando miaka minne nyuma alinivuta tena. Nilijiandaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kwamba sisi hutoka saa ngapi, kwa kuwa Bibi yake naye amepimwa na sukari iko juu. Jumatatu wakaja wote wawili. Tukasalimiana, tukaanza safari, na kabla hatujafika kona ya kwanza yeye alikuwa ameshatangulia mbele peke yake, mikono nyuma. Mke wangu akanitazama. Mimi nikanyamaza. Na nyuma yetu sauti ya Bibi yake ikaita, "Mzee, ningoje!"